Tusiisingizie sikukuu: urea ya Januari inanunuliwa Agosti

 

Naandika haya tarehe 2 Januari asubuhi, nimekaa kibarazani hapa Majengo. Mvua imenyesha usiku kucha. Watoto wa jirani bado wamevaa nguo za sikukuu, ila zile zilizokuwa nyeupe juzi sasa zina rangi ya tope letu. Wageni waliokuja na mabasi kutoka Mbeya na Dar wanaanza kufunga mizigo, kila mmoja anaondoka na kiroba chake cha unga na maharage. Na tangu saa moja simu yangu imeshaita mara tatu. Heri ya mwaka mpya imesemwa haraka haraka, halafu wote watatu wameuliza swali moja: "Bwana shamba, mahindi yamefika magotini, yameanza kuwa ya njano, na mimi mfukoni sina kitu. Nifanyeje?"

Simu hizi huingia kila mwaka, wiki hii hii. Na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa lawama. "Mmekula hela ya urea kwenye Krismasi!" Nilikuwa nasema hivyo hata kwenye mikutano. Watu wanacheka, wengine wanainamisha vichwa, tunafunga mkutano, mwaka unaofuata tunarudia. Leo nataka niseme wazi kwamba nilikuwa nakosea. Sikukuu tunaisingizia. Tatizo liko kwingine, na mimi nimelijua baada ya kunikuta nyumbani kwangu.

Mimi nina ekari mbili nje kidogo ya mji. Miaka michache iliyopita, mwanzoni mwa Desemba, nilikuwa na hela kamili ya mifuko miwili ya urea. Nilikuwa nimeiweka kwenye simu, nikijiambia nitanunua ikifika wakati wake. Tarehe 20 mdogo wangu akapiga, kaka tunakuja, tuko watano. Tarehe 22 ikaja harusi ya binamu, na mchango wangu ulikuwa haujakamilika. Tarehe 24 nguo za watoto. Tarehe 27 mama yangu kijijini akapata homa, nikatuma hela ya dawa na ya bodaboda ya kumpeleka kituo cha afya. Jamani, nikikaa nikahesabu, hakuna hata shilingi moja pale niliyoitupa. Sikulewa, sikucheza kamari. Kila kitu nilichokilipia kilistahili kulipiwa.

Halafu ikaja Januari. Kijana wangu amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada ilifutwa tangu 2016, na ni jambo la kushukuru, lakini sare, viatu, begi, madaftari na nauli havijafutwa. Basi urea nikaja kununua mwishoni mwa Januari, mfuko mmoja badala ya miwili, mahindi yakiwa yanakaribia kutoa mbelewele. Ekari zile mbili mwaka uliotangulia zilinipa gunia 28. Mwaka ule zilinipa 19. Bwana shamba mzima!

Mke wangu hakunigombeza. Siku tunapukuchua aliniuliza tu, taratibu: "Baba, kwani ile hela ilikuwa ya urea? Mbona hukuniambia? Ningejua, zile nguo tungeshona mwezi wa saba."

Nilikosa jibu. Kweli sikumwambia. Niliona ni mambo ya shamba, na shamba ni mimi ninayelisomea. Kumbe anayelipalilia ni yeye.

Kwa hiyo leo nina mambo mawili tu ya kusema. La kwanza, hela ya Januari isisubiri Desemba mfukoni. La pili, isijulikane na mtu mmoja.

Kabla sijaendelea niitetee sikukuu kidogo, maana wataalamu tumeisema vibaya sana. Hapa Ufipa Krismasi na Mwaka Mpya ndio muda ambao ukoo unaonana. Shemeji aliyekula wali na nyama kwangu tarehe 25 ndiye aliyenipa maksai wake wa kulimia mwezi Novemba, bure, nikatoa chakula tu cha kijana aliyewaswaga. Mdogo wangu wa Dar aliyekuja na watu watano ndiye aliyetuma hela mama alipolazwa mwaka uliofuata. Ukimwambia mkulima afunge mlango sikukuu ili anunue mbolea, unamwambia akate kamba inayomshikilia siku akianguka. Hatakusikiliza, na yuko sahihi. Ushauri unaomtaka mtu aache kuwa mtu wa watu hauwezi kufanya kazi vijijini kwetu.

Sasa tuangalie kalenda. Wenzetu wa mshahara mwaka wao unaanza Januari, ndiyo maana kwenye redio wiki hii unasikia malengo ya mwaka mpya. Sisi tarehe 1 Januari inatukuta katikati ya kazi. Mahindi yamepandwa Novemba au Desemba na mvua za kwanza. Sasa hivi yanataka palizi na mbolea ya kukuzia. Mahindi mabichi ya kuchoma tutayaona kuanzia Machi hivi, makavu mpaka Juni na Julai. Yaani mwezi ambao shamba linadai kuliko miezi yote ni mwezi ambao shule inadai, wageni wanadai, na ghalani kunaendelea kupungua. Ukiwa na hela kwenye simu mwezi huo, hela hiyo haina jina. Yeyote anayepiga kwa shida ya kweli ataichukua, na utampa, kwa sababu wewe si mtu mbaya. Lakini urea ikiwa imekaa kwenye kona ya chumba tangu Agosti, imefungwa, ina jina. Hakuna shemeji anayekuja kuomba umkopeshe nusu mfuko wa urea ili akanunue kiatu.

Kwa nini Agosti? Kwa sababu Agosti umeshavuna, umeshauza kiasi, barabara ni kavu, na kwenye maduka ya pembejeo hakuna foleni. Wengi mnakumbuka mpango wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwenye Nane Nane ya Mbeya, tarehe 8 Agosti 2022, na msimu ule mfuko wa kilo 50 wa urea kwa mkulima aliyesajiliwa ulikuwa shilingi 70,000. Ulizinduliwa Agosti, si Januari. Sisi tukaenda kupanga foleni mvua zikiwa zimeanza, kila mtu anataka siku moja, halafu tukalalamika kwamba mbolea haitoshi.

Najua mtakayoniambia, maana nimeshaambiwa.

Mtaniambia Agosti bei ya mahindi iko chini, nikiuza gunia mbili kwa ajili ya urea nimepata hasara. Kweli, wakati wa mavuno bei huwa chini, na mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa juu. Basi kama huwezi kununua Agosti, fanya hivi: tenga gunia la urea. Chagua mahindi makavu kabisa, yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyaguse, funga kamba nyekundu, na mwambie kila mtu nyumbani, hata watoto, kwamba hilo ni gunia la urea. Liuze mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba, ambapo mara nyingi bei imepanda, na siku hiyo hiyo urudi na mbolea. Usirudi na hela.

Mtaniambia urea itaharibika. Haiharibiki kwa miezi mitano kama haipati unyevu. Iweke juu ya mbao, si chini sakafuni, isiegemee ukuta, mfuko usifunguliwe mpaka siku ya kuitumia. Ikipata unyevu inagandamana na kuyeyuka, hapo ndipo unapoipoteza. Na iwe mbali na chakula na mbali na mifugo, maana ng'ombe au mbuzi akilamba urea nyingi anakufa.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi. Mwaka jana nilikuwa na mkutano katika kata moja ya pembezoni. Nimemaliza kueleza urea, nafasi, palizi, vizuri kabisa. Nikauliza kama kuna swali. Mama mmoja wa makamo akasimama, kamfunga mjukuu mgongoni. Akasema: "Shikamoo bwana shamba." Nikashangaa, maana ni mkubwa kwangu, nikamwambia mama ni mimi nikuamkie. Akasema: "Leo nakuamkia kwa sababu nataka unisikilize. Umetufundisha mbolea, tumeelewa. Sasa wafundishe na akina baba wasitoe gunia ghalani sisi tukiwa tumelala." Mkutano mzima ukalipuka kwa kicheko. Akina mama walicheka kwa sauti, akina baba kidogo. Mwenyekiti akasema hayo ni mambo ya ndani. Mimi nikakaa kimya, nikaogopa kuingilia nyumba za watu.

Kimya kile kinaniuma mpaka leo. Hayakuwa mambo ya ndani. Gunia linalotoka usiku mwezi wa kumi ndilo linalokosekana Januari. Na likikosekana, kinachofuata tunakijua wote: mtu anachukua hela kwa mfanyabiashara akiahidi kulipa kwa mahindi yaliyoko shambani. Tuseme leo anapewa hela ya gunia moja, Juni anatoa mawili. Mahindi yake yanakuwa ya mtu mwingine kabla hayajatoa hata mbelewele. Anayeyapalilia kwenye mvua ni mke wake, ambaye hata hajui kwamba yameshauzwa.

Msimamo wangu, na najua baadhi ya wazee hawataupenda: daftari la ghala likae kwa mama. Sisemi baba asiuze. Nasema kila gunia linaloingia na kila linalotoka liandikwe, na anayeandika awe yule anayejua sufuria la nyumba hiyo linakula kiasi gani. Baba akitaka kutoa gunia, aseme la nini. Na mama naye akitoa debe kwenda kwa ndugu zake au kusaga la kimpumu, aandike. Daftari halina jinsia. Nimeona nyumba zinazofanya hivi, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hawanipigii simu tarehe 2 Januari.

Kama hamjawahi kukaa pamoja kuhesabu, wiki hii ndiyo nzuri ya kuanza, hata kama mambo yameshaharibika. Wageni wakishaondoka, jioni moja, zimeni redio mkae baba, mama na watoto wakubwa. Hesabu yenyewe ni ndogo. Mimi natumia kipimo cha kilo 10 za mahindi kwa mtu mmoja kwa mwezi. Nyumba ya watu sita ni kilo 60 kwa mwezi. Kutoka sasa mpaka mwisho wa Juni ni miezi sita, kwa hiyo kilo 360. Hizo ni gunia tatu na nusu na kidogo za kilo 100. Wekeni nne, maana wageni wapo. Nendeni mkahesabu ghalani. Zikiwa saba, mna gunia tatu za kufanyia kazi: urea, shule, dharura. Zikiwa nne, hakuna cha kuuza, hela itafutwe kwa kuku, kwa maharage au kwa kibarua. Zikiwa mbili, ni afadhali mjue leo kuliko kujua Aprili.

Niwajibu sasa wale watatu walionipigia, na wengine mlio kwenye hali hiyo.

Kwanza, palizi kabla ya mbolea. Ukimwaga urea kwenye majani unalisha majani. Palizi haihitaji hela ya duka, inahitaji mikono, na mikono iko nyumbani sasa hivi kabla shule hazijafunguliwa. Kijana wa kidato cha kwanza anaweza kupalilia asubuhi na jioni akajaribu sare. Na baba pia ana mikono. Nikipita mashambani Januari naona akina mama na watoto, akina baba nawaona njiani wanauliza bei.

Pili, angalia vizuri huo unjano. Kama unaanza kwenye majani ya chini, unatokea nchani na kufuata uti wa kati wa jani, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Kama ni sehemu tu ya bondeni ambako maji yametuama, fungua mfereji kwanza, urea haitakusaidia kitu kwenye maji.

Tatu, kama huna mfuko mzima, tafuta nusu. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, na kwa uzoefu wangu kwenye shamba lililopaliliwa vizuri ekari moja inakurudishia gunia tatu mpaka nne za ziada. Nusu mfuko si sawa na sifuri. Kwa kawaida tunaweka kizibo kimoja cha soda kwa shimo lenye miche miwili. Kama una nusu mfuko kwa ekari, weka nusu kizibo. Chimba kishimo pembeni, kama sentimita tano mpaka kumi kutoka kwenye shina, weka, fukia. Udongo uwe na unyevu, lakini usiweke ukiona wingu limekaa vibaya. Usiimwage juu juu. Jua na mvua vitagawana na wewe. Ukifungua shamba asubuhi, chungulia na moyo wa mahindi. Viwavijeshi vamizi tunao tangu 2017, na wakiwa wadogo ni rahisi kuwashughulikia.

Nne, usiuze mahindi yaliyoko shambani. Afadhali uuze mbuzi. Mbuzi ukimuuza umemaliza, lakini deni la gunia linakuja kukusubiri kwenye sakafu ya kupukuchulia.

Halafu, kwa ajili ya mwaka ujao, andikeni neno moja kwenye daftari hilo jipya: Agosti. Na pembeni yake mtu wa kukumbusha. Kwangu mimi anayekumbusha ni mke wangu, na hakosei.

Hili si jambo jipya nililoleta kutoka chuoni. Wazee wetu hapa Ufipa walikuwa na ntumba. Mvua zikiwa bado zipo na udongo ni laini, walikuwa wanafukia nyasi chini, wanapandisha udongo juu kuwa tuta la duara, nyasi zinaozea ndani. Juu ya tuta wanapanda maharage, wanakula. Msimu unaofuata matuta yale yanavunjwa, mbolea imeshaiva, wanasia ulezi. Wengine bado wanafanya hivyo. Fikiria: mtu yuko katikati ya mwaka huu, tumbo lake linasubiri maharage, na mikono yake inatengeneza chakula cha mwaka wa mbele. Na kazi ile hakuifanya mtu mmoja kwa siri, nyumba nzima ilijua kila tuta liko wapi. Sisi tumepata urea, tukaacha ile tabia ya kuandaa mapema.

Mdogo wangu wa Dar anaondoka na basi la kesho alfajiri. Nimemfungia kilo kumi za maharage, na mke wangu ameandika: maharage, kilo 10, baba mdogo. Nilicheka nilipoona. Akaniambia, "Cheka tu. Mwaka huu urea yako iko uvunguni tangu mwezi wa nane, ndiyo maana unacheka."

Ni kweli. Kesho kutwa udongo ukiwa na unyevu mzuri tunaanza kuweka, mimi na yeye na kijana kabla hajarudi shule.

Wewe kwako daftari la ghala anashika nani? Mkeo, mumeo, au hakuna? Kama hakuna, leo ni tarehe 2 tu, mwaka bado mbichi.

Tukutane shambani.